Spana, Viraka na Njia ya Kumfuata Kaka

Nyumba zetu walikuwa wamekwisha kuzihesabu. Minazi na mikorosho pia, mti kwa mti, kila gogo likapakwa alama ya rangi nyekundu. Tangu iliposemwa kwamba chini ya bahari yetu ya Palma kumepatikana gesi, na kwamba ardhi tuliyokaa itatakiwa, tulizoea kuwaona wale vijana wenye makaratasi na viatu virefu wakipita baina ya nyumba. Lakini Ijumaa ile, baada ya swala, shefe, mkuu wa kijiji, alisimama mlangoni mwa msikiti akatangaza kwamba Jumatatu, si hii inayokuja bali ile ya pili yake, itakuwa zamu ya makaburi.

"Kila ukoo usimame penye maiti wake," alisema. "Na wawepo watoto wote wa marehemu, wakubwa kwa wadogo. Huenda makaburi yakahamishwa. Sitaki kusikia kesho kwamba fulani hakuambiwa."

Aliposema hayo aliniangalia mimi. Sijui kama alikusudia. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Kijiji kizima kilijua habari ya mimi na kaka yangu. Baba alipofariki, miaka mitatu kabla ya siku ile, kaka alikuwa dago upande wa Mucojo, kwenye kambi ya wavuvi. Nilimpelekea habari kwa simu asubuhi. Wazee wakaniuliza, tumsubiri au tuzike? Ilikuwa joto, na sheria ya maiti ni kuharakishwa. Nikasema tuzike. Kaka aliwasili kesho yake alasiri, akakuta udongo umekwisha kukauka. Hakulia. Alisimama uani akaniambia neno moja: "Hukunisubiri." Akarudi zake Mucojo, na tangu hapo hakuwa akipokea simu yangu. Salamu nilizotuma kwa watu hazikurudi.

Kwa hiyo nilipotoka msikitini nilikuwa nimekwisha kujua la kufanya. Sikuweza kusimama juu ya kaburi la baba nikaamua mara ya pili bila yeye.

Magari hayakuwapo. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeigeuza barabara kuwa uji, malori yakizama hata kabla ya kufika kijiji cha Mute, yakilala hapo wiki nzima na madereva wakipika kando ya magurudumu. Kilichoweza kupita ni mguu na baiskeli. Baiskeli nilikuwa nayo, ile nyeusi nzito ya baba. Nilichokosa ni ujuzi. Mimi ni fundi cherehani. Tangu ujana nimekaa barazani na kitambaa mapajani, na baiskeli kwangu ilikuwa kitu cha kwendea sokoni. Ikiharibika, naisukuma mpaka nyumbani na mke wangu anaitengeneza.

Sioni haya kulisema hilo siku hizi. Mke wangu ni mtoto wa fundi baiskeli wa Mtwara. Alikua akimshikia babake spana, na ameolewa huku ng'ambo ya mto Ruvuma pamoja na sanduku la spana hizo, kama wenzake wanavyoletwa na vyombo vya udongo. Nilipomwambia nakwenda Mucojo kwa baiskeli, hakusema usiende. Alitandika mkeka uani, akaipindua baiskeli, magurudumu juu, akanambia, "Kaa hapa. Nivulie gurudumu la nyuma."

"La nyuma?"

"La mbele hata mtoto anavua. Likipasuka la nyuma, kuna mnyororo, kuna breki, na mimi sitakuwapo."

Nililivua. Ilinichukua muda wa kupika wali. Akaniambia nilirudishe, kisha nilivue tena. Mara ya pili niliubana mnyororo mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Mara ya tatu mikono yangu ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, na mama, aliyekuwa amekaa kizingitini akichambua mchele, akasema, "Mwanangu, huko unakokwenda si watu watakuwapo wa kukusaidia?"

"Watakuwapo, mama."

"Basi mbona unalivua tena?"

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi ya Jumamosi nikaanza kufungasha. Nilitia tyubu moja mpya ya akiba, viraka, solusheni ya kubandikia, kipande cha msasa, pampu, spana za saizi nne. Nikakumbuka spoku, zile fito nyembamba za chuma za gurudumu, nikatia sita. Nikakumbuka kwamba gololi za ekseli zikimwagika kwenye mchanga huzipati tena, nikatia za akiba ndani ya kikopo, na girisi ndani ya kikopo kingine. Kisha nikawaza, je, mkono wa pedeli ukilegea? Ile pini inayoushika, kotapini, nikatia mbili. Pini huingia kwa kugongwa, nikatia nyundo. Je, tairi likichanika lenyewe? Nikalikunja tairi zima la zamani, nikalifunga kwa kamba. Nikatia mnyororo mwingine uliokuwa na kutu. Nikatia koleo, waya, na mikasi yangu ya cherehani kwa sababu nilijua kuitumia. Kila nilipofunga mfuko, nilikuwa naiona njia, kipande baada ya kipande, na katika kila kipande kitu kimoja kikikatika.

Mke wangu alikuja akauinua ule mfuko kwa mikono miwili. Akauweka chini. Akaufungua, akaanza kutoa kimoja kimoja.

"Nyundo ya nini?"

"Ya pini."

"Mawe yamekwisha duniani?" Akaiweka pembeni. "Mnyororo huu mbovu kuliko ulio kwenye baiskeli. Tairi hili nililitupa mwenyewe. Umelitoa wapi?"

Alibakisha kidogo sana: tyubu, viraka na vya kubandikia, pampu, spana mbili, pini moja, spoku mbili alizozifunga kwenye fremu kwa mpira, na vijiko viwili vya bati ambavyo mipini yake ilikuwa imepigwa bapa kwa kuinulia tairi. Vyote vilienea kwenye mfuko wa unga. Nilipouona udogo wake nilihisi kama mtu anayepelekwa nje bila nguo.

"Haitoshi," nilisema.

Alikaa mkekani mbele yangu, mikono yake ina girisi. "Wewe huogopi baiskeli," alisema kwa sauti ya chini ili mama asisikie. "Ungekuwa unaogopa baiskeli, ungeniuliza juu ya njia. Tangu jana hujaniuliza njia hata mara moja. Unafungasha vitu vya kumwambia kaka yako. Havimo humu."

Nilikasirika. Nilitoka nikaenda kukaa msikitini peke yangu mpaka adhuhuri, nikijiambia kwamba mwanamke huyu anajua vyuma tu. Lakini niliporudi, mfuko ulikuwa umefungwa kwenye karia, nyuma ya kiti, na juu yake kulikuwa na mihogo ya kuchemsha ndani ya kitambaa safi, na sikuongeza kitu.

Niliondoka Jumapili baada ya alfajiri. Mpaka Mute nilisukuma zaidi kuliko nilivyopanda, tope likinishika matairi kama ugali. Baada ya hapo ardhi ikawa mchanga mgumu, nikapanda, na hofu ikapanda nami. Nilikuwa nasikiliza kila mlio. Baiskeli kumbe ina sauti nyingi ukiipa masikio: kitu kinalia chini ya kiti, kitu kinagonga kila pedeli ya kulia inaposhuka. Nilisimama mara tano kukagua, nikakuta kila kitu kiko sawa, na hilo halikunituliza.

Gurudumu la nyuma lilipasuka siku ile ile alasiri. Mwiba. Nilisimama pale nikaliangalia, na ajabu ni kwamba moyo ulitulia. Nilipindua baiskeli. Nililivua gurudumu. Nilikipata kitundu kwa kukisogeza karibu na shavu, kama alivyonifundisha, mpaka pumzi iliponigusa. Nikasugua msasa, nikapaka solusheni, na kwa haraka yangu nikabandika kiraka kabla haijakauka. Kikang'oka. Nikaanza upya, safari hii nikihesabu tasbihi moja nzima kabla ya kubandika. Kikashika. Nilipolirudisha gurudumu na likazunguka, nilitazama huku na huku kama kuna mtu aliyeniona. Hakukuwa na mtu. Nilicheka peke yangu.

Siku ya pili, mbele ya mji wa Mocímboa, ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Nilimkuta mwanamume mmoja, umri wangu, akisukuma baiskeli, na mkewe amekaa kwenye karia akimshika mabegani. Mimba yake ilikuwa kubwa. Uso umelowa jasho na macho ameyafumba. Tairi la nyuma lilikuwa bapa kabisa.

"Assalaam aleikum, ndugu yangu," aliniita. "Una tyubu? Yangu imekatika penye vali, haikubali kiraka. Nampeleka hospitali."

Nikasema, "Sina."

Lilitoka lenyewe. Nikaongeza, "Mwenyezi Mungu awasahilishie," nikapita. Nilipiga pedeli kwa nguvu, na kichwani nilikuwa najitetea: bado njia ni ndefu, bado kuna mto Mesalo, nimepasukiwa mara moja tayari, nina baba kaburini, nina siku za kuhesabu. Nilifika penye mkorosho ulioanguka nikashindwa kuendelea. Ile kauli yangu ilikuwa inanirudia kwa sauti ya kaka. Hukunisubiri.

Niligeuza baiskeli. Walikuwa wamesogea hatua chache tu. Yule bwana aliniona nikifungua mfuko, akaniona nikitoa tyubu mpya iliyo ndani ya karatasi yake, na hakuniuliza kwa nini nilisema sina. Afadhali angeniuliza. Tuliifunga pamoja. Mkewe aliteremshwa akakaa majanini, akisoma dua kwa sauti ndogo. Nilipoanza kulivua gurudumu, vidole vyangu vilijua njia, na yule bwana akasema, "Wewe ni fundi?"

"Mke wangu ndiye fundi."

Alidhani namfanyia mzaha. Walipoondoka, mwanamke yule aligeuka akaninyooshea mkono, basi. Sikupata kujua alijifungua nini, wala kama walifika.

Kutoka hapo nilikwenda kama mtu anayetembea na yai mdomoni. Sikuwa na akiba. Kila jiwe nililikwepa. Penye Mesalo mto ulikuwa umeila barabara, tukavushwa kwa mtumbwi, baiskeli imelazwa miguuni pangu. Upande wa pili nilikagua matairi kwa mkono kabla ya kukamua nguo zangu. Viraka vilibaki viwili. Nilivihesabu hata nilipokuwa nimesimama kunywa maji.

Mucojo nilifika Jumatano mchana. Niliuliza dago la watu wa Palma, nikaelekezwa kwa Kimwani, lugha ya huko, mpaka kwenye vibanda vya makuti na vichanja vya kukaushia samaki. Kaka alikuwa anageuza samaki juani. Alikuwa amekonda, na ndevu zimeingia mvi. Aliniona tangu mbali. Aliendelea kugeuza, mmoja mmoja, mpaka mwisho wa kichanja, kisha akanawa mikono akaja.

Hakuniangalia usoni. Aliiangalia baiskeli. Akashika usukani.

"Ya baba," alisema.

"Ndiyo, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Mama mzima?"

"Mzima."

"Basi umefuata nini?"

Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno, marefu, yenye sababu ndani yake: joto la siku ile, wazee, sheria. Yote yakapotea. Nikamwambia, "Wanakuja kuhesabu makaburi Jumatatu. Huenda baba akahamishwa. Safari hii nimekuja kukusubiri."

Samaki walikuwa wananuka, na nzi walikuwa wengi, na mimi nilikuwa namwogopa. Akauliza, "Nani alimwosha maiti?"

"Mimi na mjomba."

"Ulimfunga kidevu?"

"Nilimfunga."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea hesabu iliyochelewa. Akaingia kibandani. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, na nilianza kuwaza njia ya kurudi peke yangu. Alitoka na kifurushi kidogo, na bilyeti yake, karatasi ya utambulisho, ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe.

"Tutapandaje wawili?" aliuliza.

"Kwa zamu. Mmoja apige pedeli, mmoja akae."

"Una tyubu ya akiba?"

"Nilikuwa nayo."

Nilimsimulia, pamoja na lile neno la sina. Hakunilaumu wala hakunisifu. Alibonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba na kusema tupunguze mzigo, akaacha blanketi lake.

Tulitoka alfajiri ya Alhamisi. Watu wawili wazima juu ya baiskeli moja, na tairi moja lenye kiraka. Mwanzoni tulizungumza juu ya njia tu: shimo, kata kushoto, teremka hapa. Kiraka cha pili kilikwenda siku hiyo, cha tatu siku iliyofuata. Jumamosi asubuhi, tukiwa tumevuka Mocímboa, tyubu ilipasuka mpasuko wa kidole kizima. Niliutoa mfuko wa mke wangu nikaupekua huku najua hauna kitu. Nilikaa chini. Nilikuwa karibu kulia, mtu mzima.

"Tutembee," alisema kaka.

"Hatutafika kesho."

Alitazama huku na huku. Palikuwa na minazi, na chini yake makumbi ya nazi zilizofuliwa. Alikwenda akarudi na mkono mzima wa nyuzi za makumbi. "Dagoni tunafanya hivi kwa baiskeli ya kubebea barafu," alisema. Tuliutoa mpira wa ndani, tukalijaza tairi kwa nyuzi hizo, tukishindilia kwa vijiko, yeye upande mmoja mimi upande wa pili, mpaka vidole vikatoka damu. Lilikuwa tairi la ajabu, lina vinundu, na kila mzunguko lilitudundisha kama tupo juu ya punda. Lakini lilikwenda. Nusu ya njia alikuwa nyuma yangu amenishika kiunoni, na ni hapo, bila kuona uso wangu, ndipo aliponiambia kwamba siku ile baba alipozikwa lori lilimharibikia njiani, akatembea usiku kucha, na kwamba alijua, tangu njiani, kwamba hatawahi maziko.

"Nilijua," alisema. "Hata mimi ningezika."

Sikugeuka. Niliogopa tutaanguka.

Tulifika Jumapili jioni, jua bado lipo. Mama alimshika kaka uso kwa mikono miwili. Mke wangu alimpa shemeji yake maji, kisha akainama kwenye tairi, akalibonyeza, akachungulia zile nyuzi zilizotokeza ukingoni. "Nani kafanya haya?" aliuliza. Nikamnyooshea kaka kidole. "Vizuri," alisema, na hilo kwake ni neno kubwa.

Jumatatu tulisimama makaburini na watu wote. Joto lilikuwa kali, na watu walikuwa wakinong'ona; kila mmoja alikuwa na hofu yake, wapi tutapelekwa, nani atawasomea dua hawa maiti tukishaondoka. Kijana wa makaratasi alifika kwetu akauliza, kwa Kireno na kisha kwa Kiswahili cha kujifunza, nani atasema kwa niaba ya familia. Nikasema, "Kaka yangu."

Kaka alisogea. Akaangalia lile tuta la udongo lililoota majani, lisilo na jiwe la kuandikwa, akanigeukia. Macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyepotea ndani ya nyumba yake.

"Nionyeshe kichwa kiko wapi," aliniambia.

Nikamshika mkono nikampeleka upande wa kichwa. Alichuchumaa hapo muda mrefu. Kijana wa makaratasi alisubiri, kalamu mkononi, na kwa hilo bado namwombea heri. Kisha kaka aliinuka akataja jina la baba, na la baba yake, na la babu yake, pole pole, na kijana akaandika.

Kaburi halikuhamishwa mwaka ule wala uliofuata. Tulikaa miaka tukiwa hatujui, na hiyo ilikuwa taabu ya peke yake. Siku ya kumhamisha baba ilipofika, kabla hatujahamia nyumba hizi za matofali za Quitunda, kijiji kipya tulichojengewa, tuliingia shimoni sote wawili, yeye kichwani, mimi miguuni. Nilikuwa na hofu mpaka masikio yakanivuma. Tulipomaliza, yeye alitoka kwanza, akaninyooshea mkono kunivuta, na nilipofika juu akanipangusa udongo mgongoni, akaniuliza kama nimekula tangu asubuhi.